Paa la Buluu Katikati ya Njia

Mawe ya Papa Donatien yalifika siku ya Jumanne, yakamwagwa pale njia inapopinda, na tangu saa ile kila mtu aliyepanda kwenda kwake alipaswa kuinua kitenge chake kidogo na kuyaruka. Adolphine alikuwa anarudi kutoka soko la Kadutu, mjini Bukavu, na beseni ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, kichwani, zimefunikwa na jani la mgomba kwa ajili ya nzi. Akasimama. Yalikuwa mawe mazuri, meusi, yamevunjwa kwa nyundo kubwa, mengine bado yana udongo mwekundu ubavuni. Mtu aliyeyaleta mgongoni alikuwa amesahau kata yake ya nguo juu ya rundo. Adolphine hakuwa mtu wa kupita kitu bila kukiuliza. Akatua beseni, akapiga hodi kwa jirani.

Papa Donatien alitoka akiwa na mswaki mdomoni, ingawa saa sita ilikuwa imepita. Alikuwa mtu wa Mwenga, amechimba dhahabu kule hadi mgongo ukakataa, na mwaka uliopita alinunua parseli, kiwanja hicho cha jirani, ili watoto wake wasome mjini. Jirani mpole. Asubuhi alikuwa wa kwanza kusalimia, na redio yake haikupiga kelele. Alisema fundi ataanza Jumatatu, ataweka msingi wa nyumba ya pili, na ukuta utapita hapa, kuanzia kwenye mti wa avoka hadi kwenye ua wa Adolphine. Alionyesha kwa ule mswaki.

Adolphine alicheka, akidhani jirani anatania. Kati ya avoka na ua wake hapakuwa na kitu kingine ila njia. Njia hiyo ilitoka kwenye barabara kubwa chini, ikapita bombani, ikapanda katikati ya nyumba juu ya mawe bapa yaliyolainishwa na miguu, nyembamba kiasi kwamba wanawake wawili wenye mabeseni wakikutana ilibidi waelewane nani atangulie. Juu ilitokea kwenye barabara ya kanisa. Mwenye kuishi kule hakuwa na njia nyingine, isipokuwa ile ya korongoni ambayo mvua ikinyesha hata mbuzi anaifikiria mara mbili.

Donatien hakucheka. Alijipangusa mdomo, akaingia ndani, akarudi na telefoni. Alimwonyesha Adolphine ramani ya mji, ile ambayo watu wa komine, serikali ya mtaa, walikuja nayo mwezi uliopita walipokuwa wanapima mifereji. Kweli palikuwa na nyumba. Kisanduku cha rangi ya udongo, kirefu, kimelala pale pale waliposimama. Kamstari ka njia kalipanda kutoka chini, kakafika kwenye kisanduku kakafa, halafu kakaanza tena upande wa pili.

"Maman, mimi sikuchora hii kitu," alisema. "Nyumba ilikuwa hapa, ikaanguka na mvua, njo batu bakaanza kupita. Wenye kuniuzisha parseli baliniambia vile, na karte inasema vile vile."

"Nyumba gani iko hapa na mimi sikuiona? Niko hapa tangu nilipoolewa, Papa Donatien. Ao walikuwa wanaijenga wakati nimelala?"

Donatien aliinua mabega kwa heshima, kama mtu anayemhurumia mama mzima aliyesahau. Hilo ndilo lililomuuma Adolphine kuliko mawe yenyewe. Alichukua beseni yake, akaruka rundo, akaenda kumwambia mama mkwe.

Koko Nsimire alikuwa ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha juani. Alikuwa mama wa marehemu Cyprien, mume wa Adolphine, na umri wake ulikuwa umepita mahali ambapo watu huuhesabu. Siku sita za juma hakutoka uani. Siku ya saba alipanda kwa fimbo hadi kanisani, pole pole, akipumzika kwenye kila jiwe bapa analolijua, na waliomkuta njiani walimsubiri bila kunung'unika. Ile ilikuwa safari yake, soko lake na redio yake. Alisikiliza habari yote ya ukuta, kisha akasema:

"Basi munifungie na mulango kabisa, muitupe na funguo."

Aligeuza uso upande wa ukuta. Siku hiyo hakugusa sambaza, yeye ambaye alizipenda hadi vichwa.

Kesho yake Adolphine alikwenda kwa shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wao, Papa Ezéchiel. Shefu huyu alikuwa mpya, amehamia kutoka upande mwingine wa kilima, na wapangaji wengi wa pale nao walikuwa wa juzi juzi tu. Wazee walioijua njia vizuri, wengine walihamia kwa watoto wao, wengine walilala makaburini. Papa Ezéchiel alimsikiliza hadi mwisho. Alisema kwamba katika mteremko ule hakuna hata mmoja mwenye karatasi nzuri ya kadastre, ofisi ya ardhi, kila mtu anaishi kwa kukumbuka, na kumbukumbu ya mmoja inagombana na ya mwenzake. Karte hii angalau, alisema, imefanywa na watu wengi. Mtu mmoja anaweza kudanganya, lakini wengi namna hiyo watadanganya kwa faida gani? Hata hivyo hakutaka kufunga mlango. Kama kuna makosa, waliochora waseme wenyewe ni makosa. Atawasikiliza wote Jumapili baada ya misa, kabla fundi hajaanza.

Adolphine alirudi na neno moja tu kichwani: wengi. Wengi gani hao? Wamesimama wapi walipokuwa wanaichora njia yake, na mbona hawakupiga hodi?

Bahati nzuri jibu lilikuwa linalala katika aneksi yake mwenyewe, kijumba cha uani. Ariane, mwalimu wa darasa la pili, alipanga chumba pale tangu alipomaliza shule, na kila mtu alijua kwamba siku za Jumamosi anatembea na vijana wenzake, telefoni mkononi, wakisimama mbele ya bomba na famasi na kuandika. Adolphine siku zote alidhani ni mambo ya kanisa. Alhamisi, Ariane aliporudi na chaki bado kwenye vidole, alimkuta mwenye nyumba amekwisha kuweka benchi chini ya paa na vikombe viwili vya chai, na maswali yamepangwa kama bidoni za maji bombani.

Ariane alianza mwanzoni. Ramani hiyo haikuwa ya serikali wala ya kampuni, ilikuwa ya yeyote anayeitengeneza. Wengine, kama yeye, hutembea na kuandika majina. Wengine hawajawahi hata kukanyaga Bukavu. Wanakaa kwao mbali, wanafungua picha iliyopigwa na satelite kutoka juu, na kila paa wanaloliona wanalizungushia mstari. Hakuna bosi. Mwenye kuona kosa analisahihisha, na mwenzake akiona kwamba sahihisho ndilo kosa, anarudisha.

"Na wakigombana?"

Wanaongea, Ariane alisema. Kila mchoro una mahali pake pa kuandikiana, na chini yake jina la mtu aliyeuchora na siku aliyouchora.

Adolphine aliligeuza jambo hilo kichwani, akaona si geni sana. Ni kama bombani. Pale pia maji si ya mtu, wala hakuna aliyechaguliwa kuwa mkubwa wa foleni. Watu wanafika na bidoni zao, wanasukumana, wanatukanana kidogo, wanapatana, na anayechelewa anakuta habari zote zimekwisha kusemwa na anaongeza zake. Kitu kimoja tu kilimshangaza. Huyo mtu wa mbali, Jumapili anayokaa kuchora mapaa ya Kadutu, je, anafikiri kwamba chini ya mapaa hayo kuna watu? Ariane alisema hajui, hakuwahi kuuliza. 

Kisha aliifungua picha yenyewe, ile ya kutoka juu, michoro yote akiwa ameiondoa.

Adolphine alivaa miwani ya kusomea katekisimu. Mwanzoni aliona kama kitambaa cha viraka. Ariane akakuza, na viraka vikawa mabati, mengine mapya yanang'aa, mengine yamekuwa kahawia kwa kutu. Akaliona bomba, yaani uwazi mdogo na vidoa vya njano ambavyo haviwezi kuwa kitu kingine ila bidoni. Akaufuata mstari wa njia kwa kidole, pole pole, kama anavyopanda mama mkwe wake. Akaona bati lake mwenyewe. Alilitambua kwa tairi kuukuu ambalo Cyprien alilitupia juu ili upepo usilibebe, doa dogo jeusi, mviringo. Alicheka peke yake. Kumbe hata tairi linaonekana kutoka mbinguni.

Kando ya bati lake kulikuwa na kitu cha buluu. Kirefu, kimekatiza njia kutoka avoka hadi ua wake, na pembe moja ilikuwa nyeupe.

Alikitazama kwa udadisi wa mtu anayetazama nyumba ya wengine. Mtu gani anajenga nyumba mbovu namna hii? Upande mmoja mpana, upande mwingine umevutwa kama sketi iliyokamatwa na msumari. Na mbona inapanda juu ya matawi ya avoka? Alimwomba Ariane akuze tena. Picha ikawa na ukungu, lakini kando ya ile buluu, kwenye uwanja wake mwenyewe, aliona vidoa vya kahawia vimejipanga mistari kama viti. Na nyuma ya jiko lake, mahali ambapo kwa kawaida huwasha moto mmoja tu, palikuwa na madoa meusi matatu.

Mioto mitatu. Mmoja wa ugali, mmoja wa maharage, mmoja wa chai ya waliokesha.

Adolphine aliondoa kidole juu ya kioo kama aliyeunguzwa.

"Ariane. Hii haiko nyumba. Ni kilio."

Ariane hakuelewa. Alikuwa bado hajahamia pale wakati ule.

"Ni kilio ya Papa Cyprien. Haya ni mabashi, maturubai ya kufunika watu. Ile ya buluu tulikodi, hii nyeupe ndugu zake waliileta kutoka Idjwi, kisiwani. Uwanja wetu ulikuwa mudogo, njo tukafunika na njia, watu wakapita korongoni siku zote za kilio, hakuna hata mumoja alisema kitu." Alirudisha kidole kwenye kioo. Kisha akasema pole pole zaidi: "Yeye iko hapa ndani. Walimuweka hapa hapa, karibu na hii pembe nyeupe. Kama wangeinua hii bashi tungemuona."

Ariane aliangalia tarehe ya picha. Ilikuwa mwezi wa saba, kiangazi, wakati mbingu ya Bukavu iko safi na satelite inaona vizuri. Alimwuliza Adolphine mume wake alizikwa lini. Tarehe ya picha ilikuwa ya siku moja kabla.

Wakakaa pale na telefoni katikati yao. Kuku alikuja akadonoa chaki iliyoanguka, akaona haifai, akaenda.

Adolphine hakuwa na picha hata moja ya siku zile. Watu walipiga, ndiyo, walitaka kumtumia, na yeye aliwaambia wakae nazo. Sasa hii, ambayo hakuna aliyemwomba ruhusa, ilikuwa mbele yake, na ajabu ni kwamba haikumtisha. Alitaka kuitazama tena. Alitafuta mahali alipokuwa ameketi, mkekani upande wa kichwa cha marehemu, akapata. Ilikuwa buluu tu kama kwingine.

Ariane angeweza kukifuta kile kisanduku hapo hapo, lakini alisema isingesaidia. Yeye ni mpangaji wa Adolphine. Papa Donatien angesema haki haiko hapo, na mtu mwingine yeyote angeweza kuirudisha nyumba kesho. Afadhali waulize mbele ya wote. Alitafuta picha nyingine za mwaka mwingine, akapata mbili. Katika moja wingu lilikaa hasa juu ya kilima chao kama limetumwa. Nyingine ilikuwa ya zamani mno, ukungu mtupu. Basi waliandika alama ya swali mahali pale pale, Adolphine akisema na Ariane akiweka katika Kifaransa, na Ariane alipotaka kufupisha Adolphine alimzuia. Alitaka mabashi yatajwe, na mioto, na kwamba njia ilikuwepo kabla na ilikuwepo baada. Mwisho akaomba iongezwe kwamba haandiki kwa hasira.

Ariane akauchukua ujumbe huo na kuutuma pia katika kikundi cha vijana wake, na Adolphine akamwambia autume katika kile cha ukoo wa Cyprien, maana kule ndiko wanakosoma kila kitu na kujibu wasichoulizwa.

Ijumaa asubuhi aliyekuwa amechora akajibu. Jina lake lilikuwa Delphine, mwanafunzi, anaishi katika mji ambao wakati huo wa mwaka jua linachwa mchana. Aliandika kwamba aliona buluu akadhani ni bati lililopakwa rangi, kwa sababu katika nchi nyingine alizochora mapaa ya buluu ni mengi. Alisema anasikitika sana, na kwamba hakujua. Kisha aliuliza jambo ambalo Ariane alilisoma mara mbili kabla ya kulitafsiri: je, mama huyo anataka mchoro uondolewe, au angependa ubaki?

Adolphine alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua. Alipata jawabu la swali lake la jana, kwamba wale wa mbali wanajua, au wanaweza kujua wakiambiwa.

"Umuambie njia ikae njia," alisema hatimaye. "Na umuambie aksanti kwa kuuliza."

Lakini wengine hawakuridhika upesi. Mmoja aliyejiita kwa herufi tu aliandika kwamba kile kitu kinafanana na soko. Mwingine akasema kanisa la mbao. Wa tatu, na huyo Ariane alimwita mtu wa akili, aliuliza kwa adabu: tutajuaje kama si nyumba kweli, iliyobomoka baadaye? Mama anasema bashi. Anayetaka kujenga anasema nyumba. Picha ni moja. Adolphine alitaka kukasirika, akashindwa, kwa sababu yeye mwenyewe angeuliza vile vile.

Jumamosi ndipo ukoo ulipoamka. Guylain, aliyekuwa mkubwa wa kwaya wakati ule na sasa anafundisha shule huko Sange, aliandika habari ndefu. Anakumbuka njia vizuri sana, alisema, kwa kuwa kwaya haikupata nafasi chini ya bashi na sauti ya pili ilisimama kwenye mawe ya kushuka, na katikati ya wimbo maman mmoja mnene aliteleza, akamkamata mwenzake, naye akamkamata mwenzake, na sauti ya pili yote ikashuka hadi bombani bila kuacha kuimba. Adolphine alicheka hadi akashika mbavu. Siku ile hakujua; alisikia tu wimbo unakwenda mbali, akafikiri ni masikio yake.

Halafu Chantal akatuma picha. Chantal alikuwa binamu wa Cyprien, mkulima wa kahawa huko Idjwi, na lile bashi jeupe lilikuwa la kwake, la kuanikia kahawa, alilivusha ziwa kwa boti siku ile ya pili. Aliomba msamaha kwanza: alijua Adolphine hakutaka kuona picha za kilio, kwa hiyo alikata sehemu ya juu, ikabaki ya chini tu, miguu na vitu vya chini. Ariane alimpa Adolphine telefoni.

Mwanga ulikuwa wa buluu wote, kama ndani ya maji. Miguu mingi, viatu vya misa, ndala za Koko Nsimire. Stuli mbili za mbao zilizobeba sanduku, ukingo wa sanduku lenyewe ukionekana kidogo. Na chini ya stuli hizo, yakiwa yamefagiliwa safi, mawe bapa ya njia, moja baada ya jingine, yakishuka.

Jumapili baada ya misa walikutana uani kwa shefu: Papa Ezéchiel kwenye kiti chake, Donatien katika koti la suti, Adolphine, Ariane, na Koko Nsimire aliyekataa kupita moja kwa moja nyumbani na kuketi katikati kama hakimu mkuu. Majirani walijaza uzio. Ariane alieleza. Shefu aliyasoma mazungumzo yote ya ramani, akirudi nyuma, akiuliza Delphine ni nani, na Sange inahusu nini. Aliposoma habari ya kwaya alikohoa sana, akaificha sura yake nyuma ya telefoni.

Kisha akampa Donatien ile picha ya miguu.

Donatien aliitazama muda mrefu. Alikuza, akasogeza, akakuza. Jiwe la tatu kutoka juu lilikuwa na ufa uliopinda, na ufa huo aliujua, kwa maana Jumanne alikuwa amesimama juu yake na mtalimbo, akipima mahali pa kuanza kuchimba. Watu waliona uso wake unabadilika. Si kwa aibu. Ilikuwa zaidi kama mtu aliyekuwa anataka kukaa akakuta kiti kina mtu.

"Kumbe mimi niliuzishiwa kilio," alisema.

Mtu mmoja uziani alianza kucheka, wengine wakamfuata, na Donatien mwenyewe akacheka kidogo akitikisa kichwa. Halafu aliinuka, akaenda mbele ya Adolphine, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Hakusema mengi. Alisema kwamba kwao hakuna anayeweka msingi mahali alipolazwa maiti wa mwingine bila kuwaambia wenyewe, na kwamba kama angechimba Jumatatu, asingelala katika nyumba hiyo. Kuhusu wale waliomuuzia, atawatafuta. Ukuta wake ataurudisha upande wake wa mti wa avoka.

Papa Ezéchiel alitangaza kwamba njia ni njia. Koko Nsimire akauliza kama mawe yale meusi yataondoka kabla hajarudi nyumbani, maana njaa inamuuma. Wanaume wa uziani wakaenda kuyasogeza, Donatien mbele yao na koti lake la suti.

Mchana, pale kwenye benchi, Ariane alifungua kisanduku kile cha rangi ya udongo, akaweka alama ya kufuta, akampa Adolphine telefoni.

Adolphine hakubonyeza mara moja. Aliuliza kama picha nayo itakwenda. Ariane alimweleza kwamba mchoro tu ndio unaokwenda. Picha itabaki chini yake, hadi siku wale wenye satelite watakapoleta mpya na kuiweka juu ya hii. Lini? Hakuna ajuaye. Pengine kiangazi kijacho, pengine baadaye.

"Na hiyo picha mupya itakuta nini hapa?"

"Itakuta njia, maman. Na ukuta wa Papa Donatien."

Akabonyeza. Kisanduku kikatoweka, na Ariane akavuta kale kamstari ka chini hadi kakashikana na ka juu. Waliiinamisha telefoni kumwonyesha Koko Nsimire. Aliutazama mstari kwa jicho moja, akataka kujua kama ile ndiyo njia yake yote, na kwa nini wameichora nyembamba hivyo, kama ni ya mchwa.

Kwa Ariane jambo lilikuwa limekwisha. Kwa Adolphine ndipo lilipoanza. Siku zilizofuata, kila Ariane alipotoka shuleni, alikuta miwani ya katekisimu imekwisha kuvaliwa. Adolphine alitaka kupanda kilima chote cha Kadutu kutoka juu, nyumba kwa nyumba. Aliona mambo mengi: uwanja wa shule na kivuli cha mlingoti wa bendera, nguo zilizoanikwa juu ya nyasi, mtumbwi ziwani na mstari mweupe nyuma yake. Na aliona vitu vya buluu. Hapa kimoja, pale kingine, vimelala juu ya njia au vimejaza kiwanja cha mtu, vingine vimechorwa kama nyumba, vingine bado. Jicho lake lilijifunza. Kilichonyooka, bati. Kilichovutwa pembe, bashi. Alitafuta mioto nyuma yake.

Siku moja, upande wa pili wa kilima, mahali ambapo hakuwa na ndugu wala rafiki, alikuta kirefu kuliko vyote, kimeziba njia panda, na juu yake mtu wa mbali amezungusha nyumba nzuri yenye pembe nne. Alikikodolea macho. Mioto hakuiona vizuri. Akamwomba Ariane aweke alama ya swali, na safari hii akamtajia maneno kwa Kiswahili, yaandikwe vile vile yalivyo: "Wenyeji wa hapa, tafazali. Hii kitu ya buluu katikati ya njia, ni nyumba ya mutu, ao ni kilio? Ni mimi maman Adolphine nauliza, mi pia ya kwangu waliichora nyumba."

Jibu lilichelewa hadi akadhani hapana mtu. Kisha Ariane akaja mbio kutoka aneksi, kiatu kimoja mguuni. Mtu mmoja anayeitwa Thierry alikuwa ameandika: "Haiko kilio, maman. Ilikuwa ndoa yangu. Munaweza kuifuta, bibi yangu nilibaki naye."

Adolphine alikuwa na mikono yenye unga. Alijipangusa vizuri, kidole kwa kidole, akaketi, akamwonyesha Ariane aketi.

"Muandikie hongera," alisema. "Halafu umuulize walipika nini."